Wewe, Alama, Mshtakiwa

Mwanasaikolojia tunamjua kama mtu wa kusikiliza. Anachoacha mezani mwisho wa juma, hata hivyo, ni maandishi, na maandishi yenyewe ni ya tanzu zisizopatana. Asubuhi anamwongoza mgonjwa katika mazoezi ya pumzi na umakinifu, kwa maneno yaliyopangwa kusemwa polepole. Adhuhuri anapima ubongo: kumbukumbu, usikivu, uwezo wa kupanga mambo, hapo anasoma maswali yaliyochapishwa na kujaza alama pembeni. Jioni anakaa na ripoti ya mahakama, ambayo jaji ataisoma bila kumwona aliyeandikwa akitokwa na jasho. Kalamu ni moja. Anayeandikwa ndiye anayegeuka umbo kila utanzu unapobadilika, na mageuzi hayo nataka kuyasoma kama tunavyosoma shairi: nani anasema, anamwambia nani, kitenzi kiko katika wakati gani, na nini kimeachwa nje ya ukurasa.

Usomaji wa namna hii ukikosa mtu huishia hewani. Basi tubuni mvuvi wa omena anayeondokea Dunga, ule ufuo wa wavuvi ulio kilomita chache kusini mwa mji wa Kisumu, kando ya kinamasi cha mafunjo. Usiku mmoja mtumbwi wake unapinduka katika Ghuba ya Winam na mwenzake anazama. Tangu hapo halali, anashtuka ovyo, anakwepa watu. Miezi kadhaa baadaye, katika ugomvi wa nyavu, anampiga mtu kasia na mtu huyo anakufa. Sitampa jina. Huyu atapita mikononi mwa tanzu zote tatu.

Utanzu wa kwanza una historia fupi. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alianza kuwafundisha wagonjwa wa maumivu sugu mazoezi aliyoyatoa kwa Wabudha, akayavua mavazi ya dini na kuyapanga katika wiki 8. Baadaye Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale wakayaunganisha na tiba ya mawazo kwa ajili ya watu wanaorudiwa na sonona. Kitabu chao kilitoka mwaka 2002. Ukisikiliza zoezi la kuupitia mwili, linaloanzia vidole vya mguu wa kushoto na kupanda taratibu hadi utosini, kinachokugonga kwanza ni kwamba hakuna kisa. Hakuna jana wala kesho. Vitenzi ni vya sasa au vya kuomba: hisi, acha, rudi. Nafsi ni ya pili umoja, na huyo “wewe” hana kabila, cheo wala umri.

Halafu kuna kibwagizo: fikra zikitangatanga, rudi kwenye pumzi. Katika mashairi yetu kibwagizo hufunga ubeti aliousema mshairi. Hapa kinafunga ubeti ambao mwongozaji hakuutunga. Ubeti ni ule ukimya wa nusu dakika, na msikilizaji ndiye anayeujaza, kwa karo anayodaiwa, kwa maumivu ya mgongo, kwa sura ya mwenzake majini. Mimi nauona huu kuwa ufundi wa hali ya juu. Ni utungo unaokubali kukatizwa na kuhesabu kukatizwa huko katika mizani yake. Msikilizaji aliyepotea hajaharibu chochote, amefika tu mahali ambapo kibwagizo kinahitajika.

Lakini utungo huu una dhana iliyojificha ndani yake, kwamba pumzi ni mahali salama pa kurudi. Kwa mtu aliyemeza maji ya ziwa gizani, pumzi ndiyo ile iliyomponyoka. Rekodi nyingi za mazoezi haya zinaongezwa sauti ya mawimbi ili kutuliza, na hapo mvuvi wetu ataruka kutoka kitini. Wenye uzoefu na watu walioumizwa wanalijua hili, ndiyo maana hubadilisha kituo cha kurudia: nyayo zilizokanyaga sakafu, au sauti za nje ya dirisha. Dunga haina uhaba wa sauti. Kuna ndege wa kwenye mafunjo, mafuta yanayochacharika katika karai za mama samaki, injini ya boti inayokataa kuwaka na kijana anayeitukana. Kibwagizo kikibadilika, shairi zima linabadilika. Mwongozaji anayesoma maneno ya karatasi neno kwa neno amesahau kwamba nusu ya utungo iko kwa msikilizaji.

Sharti kuu la utanzu huu ni kwamba chochote kinachojitokeza kipokewe bila kuhukumiwa. Tuliweke sharti hilo akilini, kwa sababu kabati ni moja na faili la mahakama liko rafu ya chini.

Utanzu wa pili ni kitendawili. Kipimo kinachotumika sana katika kliniki za nchi nyingi ni MoCA, kilichochapishwa mwaka 2005 na Ziad Nasreddine na wenzake wa Montreal: ukurasa mmoja, alama 30, na mwenye 26 kwenda juu huhesabiwa kuwa sawa. Kama ilivyo kwa kitendawili, muulizaji analijua jibu kabla ya kuuliza. Tofauti ni kwamba mtegaji wetu, ukishindwa, hudai mji; unampa Kisumu au Mombasa, naye anakufumbulia, mchezo unaisha wote wawili mkijua. Mpimaji hadai mji na hafumbui kitu. Amekatazwa kusaidia, amekatazwa hata kutikisa kichwa kwa namna itakayoashiria jibu. Anayepimwa hutoka chumbani bila kujua alikosea wapi.

Litazame swali la saa kwa karibu. Unaambiwa uchore uso wa saa, uweke tarakimu zote, kisha mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Kwa anayeulizwa kwa Kiingereza mtego ni mmoja: hiyo “kumi” inamvuta aliyechoka ubongo aelekeze mshale mrefu kwenye 10 badala ya 2. Kwa anayeulizwa kwa Kiswahili mitego ni miwili, maana “tano” nayo inavuta, ilhali mshale mfupi unatakiwa uwe kwenye 11. Mtu mzima wa Afrika Mashariki anavuka hapo kila siku bila kufikiri. Ila kipimo kimetengenezwa kumnasa yule ambaye mazoea yake yameanza kulegea, na huyo ndiye anayebebeshwa mzigo wa pili. Swali lina alama 3: moja ya duara, moja ya tarakimu, moja ya mishale. Hakuna pa kuandika kwamba mlima ulikuwa mrefu zaidi.

Kisha anaulizwa tarehe. Mvuvi wa omena hufuata mwezi ulio angani. Taa huvuta omena usiku wa giza. Mbalamwezi ikitawala, watu hushona nyavu na kupumzika. Mtu huyu anaweza kukuambia bila kusita zimebaki siku ngapi mwezi mpya uandame, akakosa tarehe ya kalenda, na alama ikaenda. Waliotunga kipimo hawakuwa wajinga wa jambo hili. Wameweka alama 1 ya nyongeza kwa aliyesoma miaka 12 au pungufu. Tazama lakini umbo la huruma hiyo. Aliyeacha shule darasa la nne na aliyemaliza kidato cha nne wote wanapewa alama ile ile moja.

Jibu la kitaalamu kwa hoja za namna hii limewahi kuandikwa kando ya ziwa hili hili. Huko Usenge, upande wa Siaya, watafiti akiwemo Robert Sternberg, Elena Grigorenko, Wenzel Geissler na Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta waliwapima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15, na matokeo yakatoka mwaka 2001. Kilichonivutia mimi kama msomaji wa maumbo ni kwamba hawakuutupa utanzu. Walibaki na swali la kuchagua jibu, lile lile la mitihani, wakabadilisha ulimwengu uliomo ndani yake: mtoto mdogo wa nyumbani kwenu ana homa, koo linamuuma, siku kadhaa zimepita, ni dawa ipi ya miti shamba atakayopewa? Kitendawili kimehamishiwa jikoni kwa bibi. Watoto walioyajibu vizuri maswali hayo walielekea kupata alama za chini katika msamiati wa Kiingereza na masomo ya shule.

Uchunguzi mwingine wa kundi hilo uliwauliza watu wazima wa Kiluo mtoto mwerevu ni yupi, yakapatikana mambo manne: rieko, ambayo ni maarifa na ustadi, luoro, heshima, paro, kufikiri na kuanzisha jambo, na winjo, kuelewa jambo linahitaji nini. Ni rieko peke yake iliyooana na alama za shule. Ukirudi na macho hayo kwenye MoCA, utaona kipimo kinagusa kipande cha rieko, na luoro hata inamdhuru mpimwa. Kuna sehemu ya kutaja maneno mengi iwezekanavyo ndani ya dakika moja. Mtu mzima aliyelelewa kutomwaga maneno mbele ya mgeni mwenye kalamu atataja machache, kwa utulivu, akitazama chini. Mpimaji ataandika namba. Luoro yake imeingia kwenye karatasi kama upungufu wa sehemu ya mbele ya ubongo.

Kabla ya kwenda mahakamani kuna karatasi nyingine fupi ya kusimamia, PHQ-9, hojaji ya sonona ambayo imethibitishwa hata magharibi mwa Kenya kwa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Ripoti ya uthibitisho huo ilichapishwa mwaka 2009. Maswali ni 9, yanahusu wiki 2 zilizopita, kila moja linajibiwa kwa 0 hadi 3. Yanatembea kwa mwendo mmoja: furaha, huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya kula. La 9 linauliza kama umewaza kwamba ni afadhali kufa, au kujidhuru. Kimuundo halijainua sauti hata kidogo. Mstari ni ule ule, visanduku ni vinne vile vile. Utulivu huo wa umbo ndio unaomruhusu mtu kujibu kweli, na hapa namsifu aliyelipanga.

Sasa liweke swali hilo kando ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la kufungwa hadi miaka 2. Mgonjwa aliyejibu 3, kisha akaeleza alichofanya wiki iliyopita, alikuwa katika sentensi moja amejaza hojaji na kukiri kosa. Mpaka wa tanzu ulikuwa mwembamba kiasi hicho hadi tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliposema kifungu hicho kinapingana na Katiba.

Mvuvi wetu hayuko huko. Yeye ameua. Kisumu, mshukiwa wa mauaji hupelekwa kupimwa akili kabla ya kusomewa mashtaka, aghalabu katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado wanaiita Russia kwa kuwa Wasovieti ndio waliosaidia kuijenga. Mara nyingi anayetia sahihi ni daktari wa magonjwa ya akili, na vipimo vya mwanasaikolojia huingia kama sehemu ya ushahidi.

Ripoti inaanza kwa kuwaondoa watu wawili. Wa kwanza ni “wewe”. Aliyeambiwa ahisi nyayo zake sasa ni “mshtakiwa”. Wa pili ni mwandishi mwenyewe, anayejificha nyuma ya kauli ya kutendwa: ilibainika, ilionekana, alifanyiwa uchunguzi. Nani alibaini? Alikaa naye dakika ngapi, kwa lugha gani, pingu zikiwa mkononi au zimefunguliwa? Naelewa sababu ya kauli hiyo. Mahakama inataka utaalamu, haitaki urafiki. Hata hivyo, ripoti bora hujulikana kwa kitu kimoja: mahali fulani katikati zinamwacha mtu aseme sentensi yake mwenyewe, kwa lugha aliyoitumia, kabla ya mwandishi kuieleza. Mbovu zaidi ni barua ya mistari michache inayosema mtu ana akili timamu na anaweza kujibu mashtaka, basi.

Ugumu mkubwa wa utanzu huu ni wakati wa kitenzi. Sheria inauliza maswali mawili. La kwanza ni la sasa: je, anaweza kuelewa mashtaka na kujitetea? La pili ni la jana: kasia lilipoinuka, ugonjwa ulikuwa umemzuia kujua anachofanya, au kujua kwamba hapaswi kukifanya? Swali hili la pili, lililo katika kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu, ni mjukuu wa kanuni zilizotungwa Uingereza mwaka 1843 baada ya kesi ya Daniel M'Naghten. Mwanasaikolojia ana wakati uliopo tu. Anampima mtu aliyekaa rumande, aliyelala, pengine aliyekwisha anza dawa, kisha anatakiwa kuandika kuhusu usiku ambao hakuwepo. Ukiona ripoti inahama kutoka “anaonekana” kwenda “alikuwa” bila kutaja daraja iliyopitia, simama hapo hapo.

Na hukumu yenyewe ina tamathali. Mtu akithibitika kwamba alikuwa mgonjwa wa akili alipotenda, kifungu cha 166 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinaitaka mahakama itamke kwamba ana hatia ya kitendo, lakini alikuwa mwendawazimu. Ni sentensi iliyovunjika katikati: nusu ya kwanza inamtaka mtu aliyekusudia, nusu ya pili inasema hakuwepo. Kuvunjika huko hakukuanzia Kisumu. Mwaka 1882 Roderick Maclean alimfyatulia bastola Malkia Victoria katika stesheni ya Windsor, akaonekana hana hatia kwa sababu ya wazimu, naye Malkia akakasirika kwamba mtu aliyemlenga anatamkwa hana hatia. Mwaka uliofuata Bunge lake likabadilisha maneno. Waingereza wenyewe walirudi kwenye “hana hatia” mwaka 1964. Kenya ikabaki na sentensi iliyotungwa kumridhisha malkia, na inasomwa mjini ambapo ziwa la Nam Lolwe lina jina lake kwenye ramani.

Nafsi ya tatu ikiachiwa njia inaweza kwenda mbali kuliko mtu mmoja. J. C. Carothers alikabidhiwa hospitali ya Mathari mwaka 1938 bila kuwa amesomea utabibu wa akili. Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikachapisha ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Kwa umbo, ile ni ripoti ya mahakama: ina historia ya mtajwa, utambuzi, mapendekezo, na kuwakusanya watu vijijini chini ya ulinzi kukapata humo baraka za kitaalamu. Kasoro ni kwamba mtajwa ni watu zaidi ya milioni moja. Frantz Fanon alimjibu mwaka 1961, akimweka katika ukoo mmoja na madaktari wa kikoloni wa Algiers.

Ukimwandika Carothers kwa Kiswahili, vitenzi vyote vitakuja na hu-: hufikiri hivi, huogopa vile. Kiambishi hicho hakibebi nafsi. Mimi hulala, wao hulala, hakuna tofauti. Ndiyo sarufi anayoihitaji mtu anayetaka kusema tabia ya kundi bila kumtaja aliyetenda. Na ukizisoma ripoti za leo kwa sikio hilo utaisikia ikinyemelea. Sentensi inaanza vizuri, “alimpiga marehemu mara moja”, halafu aya inayofuata, “huwa mkali, hukataa maelekezo”. Tendo la usiku mmoja limekuwa maumbile. Laiti ningekuwa mhariri wa ripoti hizi, kila hu- ingelazimika kuja na shahidi wake.

Kwa miaka mingi mtu aliyetamkwa ile sentensi iliyovunjika alishikiliwa kwa ridhaa ya Rais, bila kikomo. Mwaka 2018, katika Mahakama Kuu ya Kisumu, Jaji David Majanja aliamua kwamba kumwachia mkuu wa nchi uamuzi huo kunakiuka Katiba. Kisheria uamuzi huo ulijadiliwa sana. Kwa upande wa umbo, unaidai ripoti wakati ambao haijauzoea, wakati ujao. Kikomo kikipaswa kuwekwa na mahakama, jaji atataka kujua: akirudi Dunga, itakuwaje?

Hakuna mpimaji mwaminifu anayeweza kuandika “atakuwa salama” akaweka nukta. Kwa hiyo sarufi inahamia kwenye -ki-: akiendelea na dawa, akihudhuria kliniki, akipata wa kuishi naye, akikaa mbali na pombe. Zichunguze -ki- hizo moja moja. Karibu zote hazihusu ubongo uliopimwa. Zinahusu kama dawa zitakuwepo dirishani siku anayofika, kama nauli ya kwenda Russia itapatikana msimu ambao uvuvi wa omena umefungwa, kama BMU, kamati inayosimamia ufuo, itamkubalia kupanda mtumbwi tena, na kama kuna aliyekwenda kuzungumza na watu wa marehemu. Ripoti huzirundika zote katika sentensi moja chini ya kichwa “Mapendekezo”, mstari mmoja juu ya sahihi na muhuri, na haisemi nani atazitimiza.